Kila mtu na jina lake: kupanga akaunti, vikundi na majina katika hifadhidata ya pamoja

Leo nataka tuzungumzie jambo lisilo na mbwembwe hata kidogo. Ni kazi inayofanywa kwa karatasi na kalamu kabla hujagusa kompyuta: kupanga nani ataingia kwenye hifadhidata, ataingia kwa jina gani, na akishaingia aruhusiwe kufanya nini.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika programu za vyama vya akiba na mikopo (sacco), shule na maduka. Nikiitwa mahali kurekebisha mfumo huwa nauliza maswali mawili. La kwanza: watu wangapi wanatumia hifadhidata hii? Najibiwa kumi, au kumi na wawili. La pili: mna akaunti ngapi? Moja. Inaitwa admin, na nywila yake imebandikwa kwa karatasi chini ya kibodi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa ndugu zangu daftari wanalo, tena la kisasa, lakini watu kumi wanaandika humo kwa mwandiko mmoja. Ukiuliza nani aliandika mstari huu, daftari linajibu: admin. Na admin ni nani? Ni kila mtu!

KISA CHA KARANI

Sacco moja (sitaitaja) iliniita kutengeneza ripoti za mwisho wa mwaka. Siku chache kabla sijafika, mweka hazina alikuwa amegundua mikopo mitatu iliyoandikwa kuwa imelipwa yote, na hakuna pesa iliyoingia benki wala kwa M-Pesa. Jumla yake ilikuwa shilingi 186,000. Wakaniomba niwaonyeshe aliyefanya hivyo, maana "kompyuta huweka kila kitu".

Kweli kompyuta ilikuwa imeweka. Nilipata siku na saa: Alhamisi, saa sita na dakika arobaini mchana. Nilipata mashine: ile ya kaunta, ambayo kila mfanyakazi huitumia akipita. Na jina nilipata: admin.

Kwenye ofisi ile kulikuwa na karani mmoja mgeni, binti aliyekuwa kazini kwa miezi minne. Wengine wote walikuwa wa miaka mingi, wanajuana, na wana ndugu kwenye kamati. Binti alisema saa hiyo alikuwa amekwenda kula. Wengine pia walisema walikuwa wamekwenda kula. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, lakini wenye kuaminiwa walikuwa wengi na asiyejulikana alikuwa mmoja. Alisimamishwa kazi, na baada ya wiki mbili akaacha kupiga simu kuulizia.

Labda ni yeye, labda si yeye. Kinachoniuma ni kwamba mfumo ule haukuwa na uwezo wa kumtetea. Tukizungumza juu ya usalama wa data huwa tunafikiria kumkamata mwizi. Mara chache tunakumbuka kwamba akaunti yenye jina lako ndiyo shahidi wako siku unaposingiziwa. Akaunti ya pamoja humficha mwenye hatia, kisha lawama inamwangukia aliye mnyonge zaidi chumbani.

Basi tuangalie namna ya kupanga. Nitatumia mfano wa sacco na hifadhidata ya PostgreSQL kwa sababu ndiyo ninayoitumia zaidi, lakini mawazo ni yale yale kwingineko.

1. ANZA NA KAZI, WATU BAADAYE

Chukua karatasi. Usiandike jina la mtu yeyote kwanza. Andika kazi zinazofanyika ofisini, na kando ya kila kazi andika data inayoguswa:

- Kaunta: husajili wanachama, huandika akiba zinazoingia.
- Mikopo: hupokea maombi, huandika wadhamini.
- Idhini: hukubali au hukataa maombi.
- Hesabu: husoma yote, huandika marekebisho.
- Ukaguzi: husoma yote, haandiki chochote.

Hivi ndivyo vikundi vyako. Ofisi ya watu kumi na wawili mara nyingi haihitaji zaidi ya vikundi vitano au sita. Ukijikuta na vikundi kumi na vitano, kuna uwezekano umeanza kupanga watu badala ya kazi.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala kuhusu ulinzi wa habari ndani ya kompyuta, na mojawapo ya kanuni zao ni kwamba kila mtu na kila programu apewe ruhusa ndogo kabisa inayotosha kufanya kazi yake. Wengi wanadhani kanuni hii inatokana na kutowaamini wafanyakazi. Mimi naiona kinyume. Karani ambaye hawezi kuidhinisha mkopo hawezi pia kushukiwa kwamba ameidhinisha. Ruhusa chache ni kinga kwake.

Angalia pia kwamba anayepokea ombi la mkopo na anayeliidhinisha wako vikundi tofauti. Usimweke mtu mmoja katika vyote viwili, hata akiwa meneja, hata siku watu wanapokuwa likizo. Watu wa hesabu walijua jambo hili kabla kompyuta haijazaliwa.

2. RUHUSA KWA KIKUNDI, NYWILA KWA MTU

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Akaunti ya mtu inajibu swali moja tu: wewe ni nani? Kikundi kinajibu swali jingine: unaruhusiwa nini? Usiyachanganye. Ruhusa zote zipe kikundi, kisha mtu umwingize kwenye kikundi:

CREATE ROLE k_mikopo NOLOGIN;
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON mkopo_ombi, mkopo_mdhamini TO k_mikopo;
CREATE ROLE fatuma_ali LOGIN;
GRANT k_mikopo TO fatuma_ali;

Kikundi hakina uwezo wa kuingia (NOLOGIN), kwa hiyo hakina nywila ya kubandika chini ya kibodi. Mtu ana uwezo wa kuingia, lakini peke yake hana ruhusa ya maana. Nywila yake aiweke mwenyewe kwa amri ya \password, ambayo huificha kabla ya kuituma kwa seva. Fatuma akihamishwa kwenda kaunta, unamtoa k_mikopo na kumwingiza k_kaunta. Amri mbili na umemaliza. Aliyegawa ruhusa kwa mtu mmoja mmoja atakaa mchana kutwa akitafuta ni majedwali gani alimfungulia.

Historia kidogo kwa wanaopenda: zamani PostgreSQL ilikuwa na watumiaji na vikundi kama vitu viwili tofauti. Toleo la 8.1, lililotoka mwaka 2005, liliviunganisha vikawa kitu kimoja. MySQL nayo haikuwa na vikundi vya aina hii mpaka toleo la 8.0 mwaka 2018. Ukikuta mfumo wa MySQL wa zamani umejaa ruhusa za mtu mmoja mmoja, usimlaumu sana aliyekutangulia.

Mambo manne ya kuangalia:

Kwanza, usimpe mtu DELETE kwenye majedwali ya pesa. Mhasibu akikosea kwenye leja hachani ukurasa. Huandika mstari mwingine wa kusahihisha. Hifadhidata ifuate adabu hiyo hiyo.

Pili, mwenye majedwali asiwe mtu. Tengeneza akaunti isiyoweza kuingia, mathalani m_sacco, iwe ndiyo mmiliki. La sivyo, siku fundi aliyetengeneza majedwali anapoondoka utataka kuifuta akaunti yake na hifadhidata itakataa, kwa sababu vitu vyote ni vyake.

Tatu, ruhusa unayotoa leo haihusu jedwali utakalotengeneza kesho. Kuna amri ya ALTER DEFAULT PRIVILEGES kwa kazi hiyo, na inahusu vitu vinavyotengenezwa na akaunti unayoitaja. Isome vizuri.

Nne, tangu toleo la 15 la mwaka 2022, hifadhidata mpya ya PostgreSQL haimruhusu kila mtu kutengeneza majedwali kwenye skima ya public. Matoleo ya kabla ya hapo yaliruhusu. Kama mfumo wako ulianzia huko nyuma na umekuwa ukihamishwa toleo hadi toleo, huenda mlango huo bado uko wazi. Kagua.

3. MAJINA YA WATU

Sasa tumwite kila mtu kwa jina. Vitabu vingi husema chukua herufi ya kwanza ya jina na uongeze jina la ukoo: John Smith awe jsmith. Hebu jaribu Kenya uone! Chukua jkamau: ni John, Jane, Joseph au Joyce? Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na bibi zao, kwa hiyo si ajabu binamu wawili kuwa na jina lile lile lote, mwanzo hadi mwisho. Waluo wana Otieno kwa kila mvulana aliyezaliwa usiku, na usiku haujawahi kuisha. Ukija Pwani utampata Ali Mohammed ameketi karibu na Mohammed Ali, na hawana undugu.

Kisha kuna ile alama ndogo ya ng'. Ng'ang'a na Achieng' wamevunja programu nyingi nchini humu, kwa sababu alama hiyo ndiyo inayofunga maneno katika lugha ya SQL. Kwenye jedwali la wanachama lazima jina liandikwe sawasawa na kitambulisho, na ni kazi ya mtengeneza programu kuhakikisha linakubalika. Kwenye jina la akaunti usijitafutie taabu.

Kanuni ninazotumia ni hizi:

- Jina la kwanza, mstari wa chini, jina la mwisho, herufi ndogo tupu: peter_nganga, mary_achieng.
- Wakigongana, wa pili anaongezewa namba: mary_achieng2.
- Jina la akaunti halibadiliki mtu akiolewa au akibadili jina. Jina lake kamili la sasa liko kwenye jedwali la wafanyakazi.
- Jina halitumiwi tena, hata baada ya miaka kumi.

Hiyo ya mwisho naomba uikumbuke. Fatuma Ali akiondoka leo na mwakani akaajiriwa Fatuma Ali mwingine, ukimpa fatuma_ali umemkabidhi mgeni historia yote ya mwenzake, mazuri na mabaya. Aitwe fatuma_ali2. Na yule wa kwanza usimfute. Mzuie tu asiingie:

ALTER ROLE fatuma_ali NOLOGIN;

Amri hii humzuia kuingia tena, lakini haimtoi aliye ndani tayari. Kwa hiyo hakikisha pia umekata muunganisho wake kama upo.

Kwa kuwa PostgreSQL huweka watu na vikundi kwenye orodha moja, ni vizuri jina lenyewe likuambie ni kitu gani. Mimi naweka k_ mbele ya kikundi, m_ mbele ya mmiliki, na h_ mbele ya huduma, yaani programu zinazoingia zenyewe: h_mpesa inayopokea malipo, h_nakala inayotengeneza nakala rudufu kila usiku. Lisilo na kiambishi ni mtu. Nikiona h_nakala kwenye kumbukumbu saa tisa usiku sishtuki. Nikiona peter_nganga saa hiyo, nauliza.

4. MAJINA YA MAJEDWALI, NA RAHA YA KISWAHILI

Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya waandishi wa programu: jedwali liitwe kwa umoja au kwa wingi? Kwa Kiingereza tofauti ni herufi moja mwishoni. Kwetu neno hubadilika kichwani. Mkopo ukiwa mikopo umehama mahali pake kwenye orodha. Mwanachama akiwa wanachama amekimbilia mwisho kabisa. Na akiba haibadiliki hata ukifanya nini. Kwa hiyo ukitumia Kiswahili, chagua umoja ufuate huo huo: mwanachama, mkopo, akiba.

Faida ni nyingi. Kiswahili hutanguliza neno kuu na kufuatisha maelezo, kwa hiyo mambo yanayohusiana hujipanga yenyewe: mkopo_malipo, mkopo_mdhamini, mkopo_ombi. Vivyo hivyo tarehe_idhini, tarehe_malipo, tarehe_ombi. Tena maneno kama user, order na group yametengwa na lugha ya SQL, ukiyatumia kama jina la jedwali utaletewa makosa. Mtumiaji, agizo na kikundi hayana shida yoyote. Na kwa safu wima za ndiyo au hapana tumia kitenzi: mkopo wenye safu ya umelipwa unasomeka kama sentensi.

Jambo moja zaidi: herufi ndogo kila mahali. PostgreSQL hugeuza majina yasiyo na alama za kunukuu kuwa herufi ndogo. MySQL kwenye Linux hutofautisha Mkopo na mkopo kama majina ya majedwali, lakini kwenye Windows kwa kawaida haitofautishi. Kijana anaandika kwenye laptopu ya Windows, kila kitu kinafanya kazi, anapeleka kwenye seva ya Linux na majedwali "yamepotea". Hayajapotea!

Na majina ya seva? Hayo pia. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika usiku na seva mbili za hifadhidata zilizotofautiana kwa tarakimu moja, db1 na db2. Alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alistuka baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Mabadiliko ya takriban saa sita hayakurudi. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Namba moja haitoshi kumwamsha mtu aliyechoka. Afadhali seva ziitwe kuu na nakala.

5. KUMBUKUMBU ISIYOSAHAU

Majina yote haya hayana faida kama hayaandikwi popote. Kwenye faili la mipangilio ya PostgreSQL weka mistari hii miwili:

log_line_prefix = '%m %u %d '
log_statement = 'mod'

Sasa kila amri inayobadilisha data itaandikwa pamoja na saa, jina la akaunti na jina la hifadhidata. Faili hizo zihifadhiwe mahali ambapo wafanyakazi wa kawaida hawafiki, na kumbuka kwamba zina habari za watu, kwa hiyo nazo zinahitaji ulinzi.

Lakini vipi kama watu hawaingii moja kwa moja, wanatumia programu ya wavuti? Hapo programu huingia kwa akaunti moja, h_wavuti, na hifadhidata humwona yeye tu. Mpango haubadiliki, unahamia ghorofa ya juu: akaunti za watu na vikundi vyao viwe ndani ya programu, na kila mstari wa pesa uwe na safu ya aliyeandika. Na h_wavuti isipewe mamlaka yote eti kwa sababu ni rahisi.

Kama hayo yote hayajakushawishi, kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019. Mtu asiyeruhusiwa akiingia kwenye data za watu na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, mwenye data anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu apate habari. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Jaribu kuandika barua hiyo ukieleza kwamba aliyeingia ni admin.

PA KUANZIA

Najua wengi wenu mna mfumo unaotembea tayari, na bosi hataki kusikia kwamba unasimamishwa. Huna haja ya kuusimamisha. Wiki ya kwanza chora ile karatasi ya kazi na vikundi. Wiki ya pili tengeneza akaunti za watu, na kila mtu aweke nywila yake mwenyewe bila wewe kuijua. Wiki ya tatu watu waingie kwa majina yao huku admin ikiwa bado ipo. Wiki ya nne badilisha nywila ya admin, iandike kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, ifungiwe kwenye sefu ya mweka hazina.

Tarajia malalamiko. Utaambiwa humwamini mtu, utaambiwa unachelewesha wateja. Yule mwenye kelele zaidi mwonyeshe mstari mmoja wa kumbukumbu wenye jina lake, umweleze kwamba siku pesa zikipotea, mstari huo utasema pia mahali ambapo jina lake HALIPO. Mimi nimeona watu wakinyamaza hapo, kisha wakaniomba niwaonyeshe namna ya kubadilisha nywila.

Nikipata nafasi, mara nyingine tutazungumzia nakala rudufu na namna ya kuzijaribu. Kazi njema!